Laptopu Niliyoinunua Kama Boti

Kwenye ziwa letu mtu hanunui boti na injini siku moja. Hata aliye na uwezo hafanyi hivyo. Kwanza unampelekea fundi mbao, anakujengea boti, unaiteremsha majini na kwenda nayo kwa makasia na tanga, au unakodi injini ya mwenzako kwa msimu mmoja. Ukiona haivuji, na samaki hawaikimbii, ndipo unatafuta injini yako. Unaanza na ndogo. Kazi ikikubali, unaiuza ile ndogo na kufunga kubwa zaidi, na boti inabaki ile ile. Nimeishi kisiwani Rusinga kwa mpango huo tangu nilipomaliza sekondari, nikibeba omena, dagaa wa ziwa letu, kutoka kisiwa cha Remba, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna chombo duniani kinachonunuliwa kwa njia nyingine.

Kwa hiyo nilipokwenda Migori kumnunulia mjukuu wangu laptopu ya gemu, niliinunua kama boti.

Mjukuu huyu ni wa binti yangu, ambaye ni mwalimu Migori mjini. Alipewa jina la mama yangu mzazi, na kwetu jina la namna hiyo halibebwi bure. Mimi humwita mama. Naye, tukiwa wawili na mambo yakiwa mazuri, huniita mwanangu, na hunikemea kama mama kweli. Huniambia, "Mwanangu, sweta hiyo utaivua lini?" au, "Mwanangu, dawa hujameza, nakuona." Akiniita Kwara, yaani babu yangu kwa Kijaluo, ujue kuna wageni, au kuna jambo zito, au nimemuudhi. Tatizo ni kwamba mambo hayo matatu yanaweza kuja kwa pamoja, na mzee asiyesikiliza akachagua lile linalompendeza.

Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa akingoja kujiunga na chuo. Alikuja Rusinga kunitunza baada ya goti langu kupasuliwa. Daktari alikuwa ameniambia waziwazi kwamba goti lile halitasimama tena ndani ya boti inayoyumba. Boti nikaiuza. Injini sikuiuza. Niliiweka chumba cha nyuma juu ya stendi yake, nikaifunika gunia safi, nikawaambia waliouliza kwamba boti nyingine itakuja kuitafuta. Kila Jumamosi nilikuwa naifunua na kuifuta mafuta, kisha naifunika tena.

Mjukuu alinikuta hapo siku moja akauliza kama mgonjwa anaendelea vizuri. Nilicheka. Nilidhani anasema habari za goti.

Kuhusu gemu, mimi nilikuwa kama wazee wengi. Niliona kijana ameinamia skrini nikajua ni uvivu. Yeye ndiye aliyeniketisha chini akanieleza. Alikuwa kwenye timu ya mbio za magari, watu wanne, yeye na wavulana watatu, mmoja wa Migori, mmoja wa Awendo na mmoja wa Rongo. Kila mtu anacheza akiwa kwao kupitia intaneti, na alama zao zinajumlishwa. Mashindano yalikuwa yanakaribia. Laptopu aliyokuwa akiitumia ilikuwa ya binamu yake, na binamu alikuwa ameondoka nayo kwenda chuoni. Wavulana walikuwa wamemwambia kwamba akikosa mashine kufikia raundi ya kwanza, wamepata mtu wa Macalder. Kijana huyo alikuwa anachimba dhahabu asubuhi na kucheza jioni, na mashine yake aliinunua kwa jasho la mgodi.

Nikauliza kama kuna zawadi.

"Kuna kitu kidogo, lakini si hicho," akasema. "Kwenye njia ya matope hakuna mtu ananishinda. Hata wao wanajua. Sasa nitolewe juu ya mashine?"

Nilielewa hilo bila kufundishwa. Nimewahi kukaa ufukoni nikitazama watu ninaowashinda wakitoka na boti, kwa sababu tu yangu ilikuwa inazibwa nyufa. Nikamwambia pesa ya boti bado ipo, twende tukaitafute hiyo laptopu.

Basi akanieleza kinachohitajika. Alinieleza wakati wa chakula cha mchana, polepole, akitumia vijiko na kikombe kama mfano. Chipu kubwa ndiyo inayofikiri. Ramu ndiyo meza ya kufanyia kazi, ikiwa ndogo vitu vinaanguka. Na ya tatu, aliyoirudia, ni kadi ya grafiki, sehemu inayochora picha. Akasema laptopu nyingi za bei nafuu hazina kadi yake yenyewe, zinachora kwa chipu ile ile inayofikiri, na gemu yao ya magari inataka kadi ya kujitegemea. Alikuwa ameiona moja kwenye simu, katika duka fulani la Migori, iliyotumika ng'ambo, nene na nzito, lakini ina kadi hiyo. Bei yake tungeiweza.

Nilisikiliza kama ninavyosikiliza taarifa ya hali ya hewa ya nchi nyingine. Akauliza, "Umeelewa, mwanangu?" Nikasema nimeelewa.

Dukani Migori tulizikuta mbili zikiwa zimewekwa karibu karibu. Ile nene ya mjukuu wangu ilikuwa na mikwaruzo pembeni, herufi za kibodi zimefifia, na chaja yake ilikuwa kubwa kama tofali. Jirani yake palikuwa na mpya, nyembamba, ya rangi ya fedha, nyepesi hata mtu angeweza kuibeba kwa vidole viwili, na chaja yake ilitosha mfukoni. Bei zilikaribiana. Nilizipima mkononi moja baada ya nyingine. Mtu aliyenunua mbao maisha yake yote huwa anapima kwa mkono, na mkono wangu ukaikataa ile nene. Kitu kilichochakaa hivyo, nikasema moyoni, tayari kimeshakula miaka yake.

Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye heshima, na sina la kumlaumu. Nilimuuliza kama ile nyembamba inaweza kuongezwa nguvu baadaye.

"Ramu inaongezwa, mzee," akasema. "Na diski pia unaweka kubwa."

Alijibu kweli, na alitaja anachokijua. Sikumuuliza kisichoongezwa ni kipi.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma yangu kidogo. Akasema kwa sauti ya chini, "Kwara, ile ingine ndiyo tulisema."

Nikageuka nikamwambia, "Tulia, mama. Tunaanza na hii. Injini tutaweka baadaye."

Muuzaji akacheka, akidhani natania. Mjukuu hakucheka. Aliinama akawa anatazama chaja ile kubwa kama tofali, akagusa waya wake, kisha akarudi nyuma. Mimi nikasikia Kwara, nikajiambia ni kwa sababu ya mgeni.

Njiani kurudi alinishukuru kwa mikono miwili. "Asante sana, Kwara." Hakukuwa na mgeni yeyote hapo, na bado sikusikia. Nilikuwa nimejaa fahari. Tulipovuka kuingia Rusinga niliwasimamisha watu wawili niwaonyeshe jinsi laptopu ilivyo nyepesi.

Siku iliyofuata, mtandao ulipokuwa mzuri, aliweka gemu yake. Ilichukua muda mrefu kuingia. Kisha likatokea gari jekundu kwenye barabara ya udongo, na mimi nikavuta kiti. Nilitaka kuona hicho kitu kilichomfanya mtoto wa watu ahesabiwe miongoni mwa madereva.

Gari lilikuwa kwenye kona. Halafu likawa mtaroni. Katikati ya hapo sikuona kitu. Akalirudisha barabarani, likasimama, likaruka mbele, likasimama tena, kama unaonyeshwa picha za harusi moja moja. Ndani ya laptopu feni ikaanza kulia. Nilipoweka kiganja chini yake nilikiondoa haraka.

Nikasema labda ni mtandao.

"Si mtandao, Kwara."

Nikasema basi, tusiwe na wasiwasi, tutafute hiyo kadi ya grafiki tuifunge. Pesa kidogo imebaki.

Akauliza bila hasira, "Tuifunge wapi?"

Mimi nikamwambia ndani. Kwani ndani hakuna nafasi? Akasema njoo nikuonyeshe.

Bisibisi zangu zote zilikuwa za injini, kwa hiyo alikwenda mjini Mbita akaazima ndogo kwa mtu wa kutengeneza simu. Alikuwa ameshatazama video za jinsi ya kuifungua. Tulisafisha meza mbele ya dirisha, akaniwekea kikombe cha kuwekea skrubu na akanipa tochi. Mimi niliyefungua injini za watu wengi nilikuwa sijawahi kufungua kitu ambacho skrubu zake zinapotea kwenye mikunjo ya kiganja. Kifuniko kilitoka kwa sauti ya kupasuka, nikadhani tumeharibu. Akasema ndivyo kinavyotoka.

Sitasahau nilichokiona. Nilitarajia fujo ya waya, lakini kulikuwa na kitu kama ramani ya mji. Betri ilichukua karibu nusu ya nafasi. Kulikuwa na feni moja, ndogo kama kifuniko cha kopo la maziwa, na bomba la shaba lililolala kutoka kwenye feni hadi kwenye chipu. Hilo bomba nililijua mara moja. Linaondoa joto, kama maji ya ziwa yanayopita ndani ya injini na kutoka nyuma. Nilifurahi kukutana na kitu ninachokifahamu.

Nikauliza kadi ya grafiki ingekaa wapi.

"Hakuna kadi hapa. Picha inachorwa ndani ya hii chipu yenyewe, na inakopa ramu ya kufanyia hiyo kazi." Akaniongoza mkono wenye tochi. "Sasa tafuta nafasi. Uniambie ukiiona."

Nilitafuta. Nilitafuta kwa bidii, maana nilitaka kumkuta na kosa. Palikuwa na sehemu moja tupu yenye meno, akasema hiyo ni ya ramu. Palikuwa na nyingine ya diski. Zaidi ya hapo, kila kitu kilikuwa kimechomelewa kwenye ubao, na chipu haikuwa na skrubu hata moja.

Nikamuuliza kuhusu ile nene tuliyoiacha. Je, yenyewe kadi yake hutoka? Akasema hapana, nayo imechomelewa. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Kwenye kompyuta kubwa za mezani, alisema, unaitoa kadi na kuweka nyingine, kama mimi nilivyozoea injini. Kwenye laptopu za bei yetu, kadi uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Ndiyo maana inachaguliwa siku ya kwanza. Ramu na diski unaweza kuahirisha, lakini kadi na feni hazina baadaye.

Kwa nini, nikauliza. Kwa nini watu wenye akili kiasi hiki wasiweke mlango mmoja tu wa kadi? Hakuwa na jibu la uhakika, kwa hiyo tukakisia pamoja. Yeye akasema ni nafasi, watu wanataka nyembamba. Mimi nikatazama lile bomba moja la shaba nikasema ni joto. Kisha nikakumbuka chaja kama tofali, ile niliyoihesabu kuwa kasoro. Chaja ni mpira wa mafuta wa kifaa hiki. Injini kubwa haiwezi kunywa kwa mpira mwembamba. Hata kama tungechonga nafasi, hii laptopu yetu isingeweza kuilisha kadi wala kuipoza.

Hapo nikakumbuka jambo jingine. Kulikuwa na mtu wa ufuko wetu aliyejengewa boti ya injini ya nguvu za farasi kumi na tano. Msimu mzuri ulipokuja akaifungia ya arobaini. Tulimwambia ule ubao wa nyuma unaoshika injini haukujengwa kwa uzito huo, akasema ataongeza misumari. Kabla ya kufika Remba ubao uling'oka, injini ikazama, na mimi ndiye niliyemvuta hadi nchi kavu. Nilimcheka wiki nzima. Kwa hiyo sikuwa mjinga wa jambo hili. Nilijua vizuri kwamba kila boti ina kikomo chake, na kwamba kikomo huwekwa na fundi siku ya kujenga. Ni vile tu sikukubali kwamba ninaloliona dukani linaweza kuwa na kikomo nisichokiona, na kwamba msichana niliyekuja naye anakiona.

Nikamuuliza kwa nini hakunikatalia.

Alikuwa anafuta vumbi kwenye feni kwa brashi. Hakuacha kufuta.

"Nilikuambia hapa nyumbani, ukasema umeelewa. Dukani nikakuambia tena. Ningesema mara ya tatu mbele ya yule mama wa duka, ingekuwa ni kukuaibisha."

"Ungeniaibisha tu."

"Halafu ungenisamehe lini, Kwara?"

Mama yake aliwahi kunisahihisha mbele ya wavuvi kuhusu uzito wa mzigo, na alikuwa sahihi, nami sikumsemesha hadi mvua zikaisha. Mtoto anayelelewa na mama wa namna hiyo amesikia habari za babu yake. Kelele sikuwa nimempigia hata siku moja, na bado alijua la kufanya mbele yangu: kunyamaza na kushukuru kwa mikono miwili.

Nilimwambia nimekosa. Sikupamba. Akaitikia kwa kichwa, akasema tochi yangu imehama.

Tulifanya tulichoweza. Alinunua ramu ya kujaza ile sehemu tupu, na kumbe ilisaidia zaidi ya nilivyofikiri. Alinieleza kwamba chipu isiyo na kadi inaishi kwa ramu, na ramu mbili zikifanya kazi pamoja ni kama kuvuta wavu kwa pande zote mbili. Akapunguza ukubwa wa picha, akaondoa vivuli, majani na mawingu. Mimi, ili nisikae bure, nilichukua kipande cha ubao uliobaki wa boti, nikakitoboa matundu na kukiwekea miguu, laptopu ipumue kwa chini. Alikiangalia kile kibao changu, akauliza kama kimezibwa nyufa. Ilikuwa mzaha wake wa kwanza tangu Migori. Lakini hakusema mwanangu.

Raundi ya kwanza akacheza. Ilikuwa mchana wa jua kali, na barabara ya gemu nayo ilikuwa kavu. Gari lilikwenda, ingawa lilikuwa la kuonekana kama kupitia chandarua. Halikuruka sana. Alimaliza chini ya pale alipozoea, na timu ikapita kwa sababu wale wengine walifanya vizuri. Baadaye yule wa Awendo, ambaye ndiye kiongozi wao, akapiga simu ya timu nzima, mjukuu akaiweka mezani kwenye spika akiendelea kukunja waya.

"Dada, wewe unaendesha ama unatokea kama jini? Nakuona nyuma, nakuona mbele, katikati hakuna mtu."

Wale wengine wakacheka. Mjukuu naye akacheka, akasema heri jini kuliko mtu anayeendesha kama anapeleka bibi harusi kanisani.

Kisha yule kijana akaacha utani. Akasema raundi ya pili ni ya mvua. Akasema hawataki kumtoa, lakini mvua inakula grafiki, yeye mwenyewe anajua, na kama bado atakuwa na hiyo mashine itabidi wamwite wa Macalder. Mjukuu akasema sawa. Akakata simu. Matope yake yalikuwa yamefika, na hangeyaingia.

Nilitoka pale nikaenda chumba cha nyuma. Haikuwa Jumamosi. Nikaondoa gunia. Injini ilikuwa inang'aa kuliko siku niliyoinunua, kwa sababu haikuwa na kazi nyingine ila kufutwa. Nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya boti itakayokuja, na kwa ajili ya goti ambalo lingepona. Nilisimama pale kwa mguu mmoja ulio mzima, nikalikunja lile gunia, na sikuifunika tena.

Kesho yake nilimwita kijana mmoja wa ufukoni aliyekuwa akikodi injini za watu kila msimu. Aliijaribu kwenye pipa la maji, ikanguruma mara ya kwanza kuvutwa kamba. Akaniuliza kama kweli naiuza au nawajaribu watu tu. Nikamwambia aichukue kabla sijaketi kufikiri upya.

Ile laptopu nyembamba tuliituma kwa binti yangu. Alikuwa akiandika mitihani ya wanafunzi kwenye simu. Alipoifungua na kuona inavyowaka haraka, na ramu yote ile, akanipigia: "Baba, kumbe ulichagua kitu kizuri sana." Nikamwambia ni kweli, nilichagua vizuri, ila nilimchagulia mtu ambaye si yeye. Kisha akasema, "Ni sawa, Baba," kwa sauti laini ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokosana kwa ule mzigo.

Ile nene ya Migori ilikuwa imeshanunuliwa. Tulipata nyingine kama hiyo, dada yake, Homa Bay mjini, nene vile vile, kifuniko chake kimepinda kidogo kwenye pembe. Safari hii nilikaa kwenye stuli karibu na mlango. Muuzaji, kijana mchangamfu, alimpita mjukuu wangu akaja kwangu. Akaniambia, "Jaduong', mzee wangu, hiyo ni ya zamani. Wacha nikuonyeshe mpya, nyembamba, mtoto atafurahi."

"Muulize yeye," nikasema. "Mimi nimemsindikiza."

Alimgeukia kama mtu anayegeukia upande usio na mlango. Mjukuu akamuuliza kadi ina kumbukumbu yake kiasi gani. Akauliza sehemu za ramu ni ngapi na zimejaa au la, diski ya pili inakaa wapi, na kama chaja ni yake ya asili au ya kuokotwa. Muuzaji akaanza kujibu kwa adabu nyingine. Alipoombwa kufungua kifuniko cha chini alikataa, akasema wateja hawafunguliwi. Mjukuu akasema basi, tunashukuru, akanishika mkono ili niinuke. Kabla sijanyooka vizuri kifuniko kilikuwa kinafunguliwa.

Ndani hapakuwa na mwanga wa kutosha. Akainama, akatazama, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Mwanangu, leta tochi hapa."

Yule muuzaji alimtazama yeye, akanitazama mimi na mvi zangu, akarudi kumtazama yeye. Mimi nilikuwa nimeshafika na tochi. Nilimulika anapotaka. Niliona feni mbili, na mabomba manene ya shaba yakipita juu ya chipu mbili, moja ya kufikiri na moja ya kuchora. Zote zilikuwa zimechomelewa, kama alivyosema.

"Kwa hiyo hii nayo ina mwisho," nikamnong'oneza.

"Ina mwisho. Itatupeleka miaka michache, halafu gemu mpya zitaishinda."

"Halafu?"

"Halafu tunamuuzia mtu wa gemu za zamani. Lakini huo mwisho nauona kutoka hapa," akasema. Akamwambia muuzaji afunge, tunaichukua.

Raundi ya pili alichezea mezani kwangu, mbele ya dirisha, laptopu ikiwa juu ya ubao wangu wa matundu ingawa alisema hii haiuhitaji sana. Feni mbili zilivuma kama boti iliyo mbali. Mvua ya gemu ilipoanza niliona kila tone kwenye kioo cha gari. Niliona matope yakiruka, na magurudumu yakitafuta pa kushika. Hapo ndipo nilipojua kwamba siku zote hizi sikuwa nimewahi kumwona akiendesha. Hakupunguza mwendo alipofika kwenye kona. Aliligeuza gari kabla, likaingia kwa ubavu, tope likalipokea, likatoka limenyooka. Ndivyo tulivyokuwa tukiingiza boti ufukoni wakati wa mawimbi. Nilitaka kumuuliza ni nani aliyemfundisha, nikainama mbele nione vizuri, nikaegemea meza.

"Mwanangu," akasema bila kuondoa macho barabarani, "toa mkono mezani."

Nikautoa.